Kaburi la Baba Mkwe Kwenye Kiwanja cha Gesi

Wasomaji wangu, mimi nipo tu.

Wiki iliyopita nilipoishia, msomaji mmoja wa Babati alinitumia ujumbe: "Mama, hivi matatizo wewe unanunua kwa jumla?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka hayakutaka kukoma. Ndugu yangu wa Babati, sinunui. Yananifuata yenyewe mpaka mlangoni.

Kwa aliyeliokota gazeti leo limefungiwa nyama, nimweleze kwa ufupi. Naitwa Imakulata. Nimezaliwa Masakta, kwa Wambulu wakulima, nikaolewa Basotu na Mbarabaig mfugaji, Benedict. Mashamba ya ngano yalikula malisho yetu. Yalipobinafsishwa tukasema sasa ardhi inarudi. Ikarudi kweli, kwa wengine. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga tulipoambiwa kusini kuna majani, tukahamia Lindi na ng'ombe wetu. Tulikwenda mimi, mume wangu, baba mkwe wangu, shemeji yangu Gidamis, na Sulle, kijana wa Mbulu tuliyemwajiri kuchunga.

Huko baba mkwe akafariki. Tukamzika kwenye mwinuko unaoitazama bahari, kwa sababu boma letu lilikuwa hapo.

Halafu wakaja watu wa gesi. Wakasema pale pale patajengwa kiwanda cha kugeuza gesi iwe kimiminika, ipakiwe kwenye meli iende ng'ambo. Tusijenge. Tusipande. Tusubiri. Tukasubiri. Kiwanda kikawa cha mwakani, kila mwaka. Ng'ombe wakaisha mmoja baada ya mwingine, huyu kwa ugonjwa, huyu kwa njaa yetu. Gesi haijatoka, sisi tukatoka. Tulirudi Basotu mikono mitupu, na mara ya mwisho mliniacha hospitali ya Haydom. Benedict amepooza upande mmoja na ulimi umegoma kabisa.

Haya. Tuendelee, ingawa nimechoka hata kuhadithia.

* * *

Asubuhi ile nilikuwa kwenye jiko la nje, pale ndugu wa wagonjwa tunapopikia. Moshi machoni, mwiko mkononi. Simu ikaita. Alikuwa Konsolata, mama wa Mbulu anayeuza chai na maandazi kwenye kile kijiji chetu cha Lindi. Sisi tuliondoka, yeye alibaki.

"Dada Imakulata, umekaa?"

"Nakoroga uji."

"Weka mwiko chini."

Nikajua. Mtu akikuambia uweke mwiko chini hakuletei habari ya harusi.

"Wamekuja kuhamisha makaburi," akasema. "Wanataka uwanja wote uwe mtupu. Eti wawekezaji wakija wakute pasafi."

"Kwa hiyo kiwanda kinaanza?"

"Nani amekwambia kinaanza? Wanasafisha tu."

Nikakaa juu ya kuni.

"Wanauliza kila kaburi lina nani," akaendelea. "Mwenye mtu wake anakabidhiwa mifupa, akazike anapotaka, hata kwao bara. Lisilo na mtu wanalihamishia makaburi ya mjini."

"Asante Mungu!" nikasema kwa sauti, mpaka akina mama wengine wakageuka. "Basi Mzee wetu anarudi nyumbani!"

"Subiri kwanza. Kaburi la Mzee limeshapata mtu."

"Mtu gani?"

"Sulle. Amesimama mkutanoni mbele ya watu wote, akasema ni la baba yake mzazi."

Uji ukafurika. Sikuunusuru.

Mnamkumbuka Sulle. Yule niliyemshonea suruali kwa mikono yangu akiwa kijana. Yule aliyekula sahani moja na Mzee. Tulipoondoka Lindi alikataa kurudi, akasema kwao Mbulu hakuna shamba lililobaki la kugawana, ndugu ni wengi kuliko matuta. Sikumlaumu. Sasa Konsolata akanieleza kwa nini anamtaka marehemu asiye wake.

"Huku wamesema mwenye kaburi ndiye mwenyeji," akasema. "Anapewa kiwanja kule wanakohamishia watu. Sulle alikuwa mchungaji tu. Hana nyumba, hana mnazi, hana shahidi. Bila kaburi yeye ni mpita njia."

"Kwa hiyo ameazima baba."

"Ameazima wa kwako. Sasa sikiliza. Afisa anafunga mkutano leo mchana. Amesema kama kuna ndugu wengine, waseme leo leo au wanyamaze. Nipe jina la Mzee nikamwambie. Mimi miaka yote nilikuwa namwita Mzee tu."

Nikauokota mwiko, nikauweka tena chini.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Jina."

"Konsolata, mwenzangu. Unajua siwezi."

Wasomaji ambao ni majirani zetu mnaelewa. Kwa wengine niseme: mwanamke akiolewa na Mbarabaig hatamki jina la baba mkwe. Halitamki akiwa na hasira, halitamki akiwa na homa, halitamki hata mkwe akishazikwa. Sio la baba mkwe peke yake, la baba yake pia, na la babu yake. Najua mtaniandikia. Mmeshaniandikia. "Wewe Mmbulu, tena Mkatoliki, mila ya Wabarabaig inakuhusu nini?" Hata padri aliwahi kuniambia huo ni mzigo, niutue. Nikamjibu: Baba, mingine mingapi nimeitua, na huu ndio unaonishikilia?

Tena sio mimi ninayeumia nikilitamka. Laana hairuki kwa mke. Inamshukia mume. Na wangu alikuwa kitandani, nusu ya mwili imeshakwenda.

"Basi andika meseji," Konsolata akasema.

"Kuandika ni kusema kwa vidole."

"Dada, huu ni wakati wa mila kweli?"

"Ningekuwa na mtoto angelitaja. Mjukuu hakatazwi." Mimba zangu zote mnajua zilikoishia, nilishawasimulia. "Sina mtoto, Konsolata. Nina Benedict, na Benedict hana ulimi."

"Na yule shemeji yako?"

Gidamis! Nikasimama. Jinsi nilivyochanganyikiwa, nilikuwa nimemsahau mtoto wa kuzaa wa Mzee mwenyewe.

"Anakuja leo kumwona kaka yake," nikasema. "Akifika tu nakupigia. Mwambie afisa asifunge."

"Afisa ana njaa, dada. Nitampa chai na maandazi. Hiyo ndiyo nguvu niliyonayo."

* * *

Gidamis alifika jua likiwa limeshapanda, kwa bodaboda kutoka Basotu, shuka limejaa vumbi. Nilimkimbilia getini. Mimi, na magoti yangu haya.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Gidamis, Mungu amekuleta. Shika simu hii. Unataja jina la baba yako tu, basi, yamekwisha."

Hakuishika. Alikung'uta vumbi kwenye shuka, upande huu, halafu upande huu, mtu asiye na haraka.

"Kaka anaendeleaje?"

"Yuko vile vile. Gidamis, umenisikia? Wanahamisha makaburi. Sulle anasema Mzee ni baba yake!"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Sulle alinipigia kabla hajasimama. Nilimwambia asimame."

Kuna maneno ukiyasikia unageuka nyuma kuangalia kama ameambiwa mtu mwingine. Nyuma yangu kulikuwa na mbuzi.

"Ulimwambia asimame," nikarudia.

"Tukae, shemeji."

"Sikai. Sema hapa hapa."

Akashusha pumzi. Niwaambie ukweli, hakuwa na uso wa mwizi. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kama mimi, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Mzee kama yule hafukiwi kama mbegu," akasema. "Akirudi Basotu lazima ajengewe kaburi la mzee. Magogo, udongo, kwa miezi. Pombe ya asali kila siku. Madume ya kuchinjwa. Koo zote zitakuja. Sisi tuna dume gani? Tuna mbuzi na aibu."

"Tutamleta kimya kimya."

"Tumlete kwenye gunia, tumfukie kimya kimya? Huko pwani tulimzika vibaya kwa sababu tulikuwa ugenini. Nyumbani tutasema nini? Tutakuwa tumemzika vibaya mara mbili."

"Aliomba, Gidamis! Ulikuwepo!"

Na alikuwepo. Sote tulikuwepo. Mzee alikuwa amelala juu ya ngozi, upepo wa bahari unapita kwenye miiba ya boma, akasema: "Msiniache kwenye upepo wa chumvi. Nirudisheni kule ninapouona mlima." Mlima ni Hanang, kwake hakukuwa na mwingine. Benedict akamshika mkono akasema, "Baba, nitakurudisha." Kwa Mbarabaig hiyo sio ahadi ya kumtuliza mgonjwa. Hilo ni deni la kufa nalo.

"Nilikuwepo," Gidamis akasema. "Na Sulle alikuwepo. Ndiye aliyechimba kaburi, mimi nilikuwa nalia. Na tangu tuondoke ndiye anayelipalilia. Sisi tumelipalilia lini?"

Hapo alinipata.

"Amekupa nini?" nikauliza.

Akaangalia chini.

"Gidamis! Amekuahidi nini?"

"Mitamba, akishapata kiwanja."

"Yesu wangu."

"Shemeji, sikiliza..."

"Umemuuza baba yako kwa mitamba!"

"Mimi ndiye niliyemuuza? Ng'ombe wa baba waliisha tukiambiwa tusubiri, tusubiri! Mimi nataka boma liwe na maziwa tena. Kaka akipona anywe nini? Maneno?" Macho yake yakajaa maji. "Wazee wa ukoo nimeshawaeleza. Wamesema aliyekufa hana njaa. Acha Mzee apumzike, mwenye kumpalilia ampalilie."

"Basi nitasema mimi."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Huwezi," akasema taratibu. "Na kaka alivyo vile? Ukilitamka, na kesho kaka akaenda, utamwambia nani kwamba sio wewe?"

Hakunitukana. Hakunitisha. Alisema tu, halafu akaingia wodini kumwona kaka yake, akatoka amefuta macho, akapanda bodaboda. Hakuniaga.

* * *

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa haijaisha, nikaingia nami. Benedict alikuwa ameegemezwa kwenye mto, macho dirishani. Siku zile alikuwa anasikia kila kitu na kujibu kwa sauti moja tu, "ee". Ee ya ndiyo, ee ya hapana, ee ya maji. Nesi aliyekuwa zamu ni Sista Hilaria, binti mchangamfu, anawasemesha wagonjwa utadhani wako sokoni.

"Baba, mama amekuja! Leo mbona hajaleta uji?"

"Umemwagika," nikasema.

Nilikaa kitandani nikamweleza mume wangu kila kitu. Wengine mtasema nilikosea, mgonjwa hapewi habari kama hizo. Lakini yule ni baba yake. Nilipotaja mitamba ya Gidamis, jicho lake zima lilitoa chozi. Nilipomaliza akasema, "Ee."

"Ee ya nini, Benedict?"

"Ee."

Simu ikaita. Nikaiweka sauti ya nje ili naye asikie.

"Dada, niko mkutanoni," Konsolata akanong'ona. "Maandazi yameisha. Nakupa afisa."

Ikaja sauti ya kijana, ya heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, unasema kaburi la kwenye mwinuko ni la nani?"

"Baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

"Mwanangu, mimi ni mke wa nyumba ile. Silitaji jina lake."

Nikasikia watu wanacheka huko. Mmoja akapiga kelele, "Anadai mtu asiyemjua hata jina!"

"Mama, nisamehe," afisa akasema. "Leo hapa nimeona mengi. Kuna bwana amedai kichuguu cha mchwa, akasema ni bibi yake. Siwezi kuandika kwamba kaburi ni la mtu asiyetajwa. Bwana Sulle yeye ametaja jina."

Akalitamka.

Jamani. Jina lile, lilivyo, likatoka kwenye simu likaanguka katikati ya wodi. Benedict akageuza kichwa. Lakini hapo hapo nikaona mwanga: limetajwa na mwingine! Mimi nikubali tu, mdomo wangu utoke salama.

"Ndiye!" nikapiga kelele. "Ndiye huyo huyo! Huyo uliyemtaja ndiye baba mkwe wangu!"

"Mama, kusema ndiye kila mtu anaweza."

"Sulle ni Mmbulu kama mimi! Mmbulu gani atazaliwa na mzee mwenye jina kama hilo? Hilo ni jina la Kibarabaig!"

"Mama yangu, mimi kwetu Tanga. Kwangu nyote mmetoka Manyara."

"Muulize kitambulisho!"

"Anasema kilipotea. Mumeo anaitwa nani, jina kamili? Nione kama linakubaliana na la marehemu."

Nikafungua mdomo nieleze. Nilihitaji muda kidogo tu wa kueleza. Lakini Sista Hilaria alikuwa pale pale anapanga dawa, ana huruma, anataka kusaidia.

"Benedict Margwe!" akasema kwa sauti ya kuita mgonjwa dirishani. "Benedict Margwe wa Basotu!"

"Margwe," afisa akasema. "Kwa hiyo baba yake mumeo ni Margwe."

"Hapana!"

"Sasa mama, huyu wa kaburini sio Margwe."

Nilijipiga kofi kwenye paji la uso. Miaka yote nalijua jambo hili, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja litanigeukia. Benedict alipopelekwa kuanza shule, aliyempeleka alikuwa mke wa kaka yake mkubwa, marehemu sasa. Mwalimu akauliza jina la baba wa mtoto. Yule mama naye alikuwa mke wa nyumba ile. Mdomo wake ulifungwa kama wangu. Akaona aibu kusimama bubu mbele ya mwalimu, akataja jina la karibu aliloweza kulitaja, la baba yake mwenyewe, mzee Margwe, ambaye Benedict hakuwahi hata kumwamkia. Mwalimu akaridhika. Kipaimara, kura, hospitali, vyote vikafuata huko huko. Nyumbani ilikuwa mzaha wetu. Mzee mwenyewe alikuwa anacheka, anamwita mwanawe "wewe wa Margwe, lete ngozi".

Nikamweleza afisa yote haya, mbio mbio, maneno yanapandana. Nilipomaliza alikohoa.

"Mama, kwa kweli hadithi yako ni nzuri."

Mnajua maana ya hadithi nzuri kwa mtu wa ofisi. Watu wakacheka tena. Nikamsikia na Sulle mwenyewe huko, sauti ninayoijua, akisema bila kucheka, "Mwacheni mama. Ana mgonjwa." Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Nilishusha simu magotini. Nikasema moyoni, basi. Imekwisha. Nimepigana na ngano, nimepigana na gesi, nimepigana na ndugu, sasa nimepigwa na nesi mwenye huruma. Na nilale.

Ndipo nikamsikia Konsolata. Konsolata wangu wa maandazi, anafoka huko pwani kwa Kiswahili chetu cha milimani.

"Afisa! Wewe afisa! Jina la mtu mmoja hata mbuzi wake analijua! Kama ni baba yake, muulize babu yake ni nani! Muulize na baba wa babu! Kwetu mtoto wa kiume asiyejua hayo hajazaliwa hapo!"

Minong'ono. Afisa akasema, "Ni kweli. Bwana Sulle, majina matatu. La marehemu, la baba yake, la babu yake."

Nikasikia upepo wa bahari kwenye simu.

"Bwana Sulle?"

"Sisi... sisi tulikuwa tunamwita Mzee tu," Sulle akasema. Sauti yake ilikuwa ya yule kijana niliyemshonea suruali. Nawaapia nilimhurumia.

"Mama, upo?" afisa akauliza. Sasa sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Nakuuliza wewe. Majina matatu. Ukiyataja, nafunga mjadala, Mzee ni wenu, mje mmchukue. Usipoyataja, nitaandika kaburi halina mtu, naye ataenda makaburi ya mjini na wengine. Sina namna nyingine."

Majina matatu.

Nayajua, wasomaji wangu. Nayajua kuliko Gidamis. Siku niliyoingia boma lile, Mzee alinipa ng'ombe wa kuniingiza nyumbani, mweupe mwenye doa shingoni, akasema huyu binti wa wakulima asije akajiona mgeni. Jioni yake shangazi yake Benedict akanikalisha pembeni, akaninong'oneza sikioni majina ya wakwe zangu wote, wa leo na wa zamani, akanirudisha mwanzo kila nilipotikisa kichwa kwamba sijayashika. "Uyajue sawasawa," aliniambia, "ili usiyatamke hata kwa bahati mbaya." Kwa hiyo nimeishi nayo. Nimeyakwepa sokoni, nimeyakwepa kanisani, nimeyakwepa usingizini. Hakuna mtu duniani anayeyajua majina yale kama mwanamke aliyekatazwa kuyasema.

"Mama?"

Nikamwangalia Benedict.

"Niseme?" nikamuuliza kwa lugha ya kwao. "Baba yako arudi, au wewe ubaki? Niambie mume wangu. Mimi sijui tena."

Hakusema hata ile ee yake. Aliinua mkono wake mzima akaushika wangu, akaubana kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. Kubana kule kunaweza kuwa sema. Kunaweza kuwa nyamaza. Nilimtazama machoni nipate jibu, nikaona machozi tu, yake na yangu.

Nikaufikiria mlima. Nikamfikiria Mzee peke yake kwenye upepo wa chumvi, pembeni ya kiwanda ambacho hakipo.

Nikaisogeza simu mdomoni nikalitamka la kwanza.

Hapa gazetini siliandiki. Kulisema mara moja kunanitosha.

Mkono wa Benedict ukalegea ndani ya wangu. Macho yake yakafumba, taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani, na Sista Hilaria akaziacha dawa zake akaja mbio kitandani, akamwita, "Baba? Baba Benedict?"

Na kwenye simu, kwa upole, afisa akasema:

"Sawa mama. Hilo la kwanza nimelipata. La pili?"